Ndoo ya taka ndiyo iliyonipimia sukari (uzi kutoka Amu, yaani Lamu)

Mzee wa Daka (mwenye uzi)

Asalaam aleykum jamvini. Uzi ni mrefu, mwenye chai jikoni aiteremshe kwanza.

Mwaka jana, mwezi wa Rajabu, nilipimwa sukari asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni. Mashine ikasoma 14.2. Kwa asiyejua: ukiwa hujala, kuanzia 7 kwenda juu, na ukirudia kupimwa ikatoka vile vile, hicho ni kisukari. Nikapewa vidonge pamoja na karatasi yenye picha ya sahani. Sahani ile ilikuwa na brokoli. Brokoli, ndugu zangu, hapa Amu! Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikapanda boda hadi nyumbani, mwendo ambao kwa miguu ni dakika sita.

Mambo ya mazingira hayakuwa akilini mwangu hata kidogo. Niliyaingia kwa bahati. Mjukuu wangu alikuja na kazi ya shule: hesabu taka za nyumbani kwa wiki moja. Tukatandika gunia sakafuni juu, tukaimwaga ndoo, akashika daftari mimi nikawa nataja. Chupa za maji 19. Chupa za soda 11, za nusu lita. Pakiti za biskuti, za krispi, za juisi ya unga, za tambi zile za dakika mbili. Maganda ya ndizi mawili. Kichwa cha samaki kimoja, na hicho paka alikuwa ameshakifanyia kazi.

Nikakaa nikalitazama gunia lile. Kila nilichokatazwa na daktari kilikuwa pale kimelala, na karibu chote kimevaa plastiki. Vile nilivyoambiwa nile, mboga, kunde, samaki, ndizi, vilikuwa havijaacha kitu zaidi ya maganda. Kwetu Amu "ndoo" ni "njoo" pia, na siku ile ndoo iliniita kweli.

(Haki ya Mungu nikiri: sukari yenyewe huja kwa karatasi, kwa hiyo kipimo changu kina tundu. Sukari nyumbani ilikuwa pakiti mbili za kilo mbili kwa wiki. Watu saba, siku saba. Pigeni hesabu: gramu 80 na ushei kwa kila kichwa kila siku, hapo soda haijaingia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite kama gramu 50, na akifika 25 ni bora zaidi. Soda moja ya nusu lita peke yake ina gramu 50 na kidogo.)

Basi haya ndiyo niliyobadilisha, na yaliyonishinda nitayasema.

Chai. Sikuacha sukari kwa siku moja, nilijaribu nikashindwa mara tatu. Nikawa napunguza nusu kijiko kila baada ya wiki tatu, na kila nikipunguza naongeza iliki na tangawizi. Kutoka vijiko vinne hadi nusu ilichukua miezi mitano. Siku hizi nikialikwa harusini nikapewa chai ya wageni, ulimi hushtuka.

Maji. Niliurudisha mtungi. Ulikuwa chini ya ngazi umegeuzwa kiti cha kuwekea kabati la simu. Udongo hupumua, maji yakitoka kwa vitundu vidogo yakikauka huchukua joto, ndipo ya ndani yakapoa bila friji. Nimeufunika kwa kawa, na kata ya kifuu juu yake. Mwezi wa kwanza watoto waliukwepa wakisema maji yana harufu ya udongo. Mwezi wa pili wakawa wanagombania kata.

Miguu. Baada ya Alfajiri natembea hadi Shela na kurudi, kama kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Siku ninapochoka nazunguka vichochoro vya Mkomani robo saa baada ya kula, na hiyo robo saa nimeiona kwenye mashine ikishusha kuliko nilivyotarajia. Nilielezwa kwamba msuli ukifanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake imelegea.

Mkate. Mahamri yamebaki ya Ijumaa. Siku nyingine ni mkate wa mofa wa mtama na mbaazi. Mtama huvumilia ukame kuliko mahindi, mbaazi hurutubisha shamba kwa sababu mizizi yake huhifadhi naitrojeni, na vyote viwili vina nyuzinyuzi za kuichelewesha sukari. Lakini mbaazi bila mahamri, wallahi, mara ya kwanza nilihisi kama nimefiwa.

Lililonishinda: uchomaji wa taka. Mimi nimeacha. Jirani hajaacha, na moshi haujui ukuta.

Juzi tulimwaga ndoo tena. Chupa za maji 2, soda hakuna, maganda hadi pomoni. Mashine nayo ilisoma 7.8. Haijafika, lakini imeniachia pumzi.

Semeni na nyinyi.

Tui_Zito

Ami, mumeanza na mahamri. Najua mwisho wake, mtatufikia kwenye biriani. Mimi niko hapa nasoma kimya kimya na kitumbua mkononi.

BintiMkomani

Shikamoo ami. Uzi mzuri na maneno matamu, ila mimi nina swali moja: mofa hiyo nani anayeiwasha? Mtama nani anauumua usiku? Mtungi nani anaujaza? Maana nimesoma kutoka juu hadi chini nikaona "niliurudisha mtungi", "mkate wa mofa", nikasema haya, kuna mwanamke mahali fulani ameamka saa kumi.

Mamangu aliacha kukuna nazi alipopata tui la pakiti na hakuwa mvivu. Alikuwa na watoto sita na bega bovu. Plastiki iliingia jikoni kwetu kwa sababu ilimpumzisha mtu, na mtu huyo hakuwa baba.

Mzee wa Daka

Marahaba mwanangu. Umenishika pabaya na umenishika kwa haki.

Mwezi wa kwanza alikuwa ni mke wangu. Akanyamaza wiki tatu, wiki ya nne akaniletea mbuzi pale pale darini, akaniwekea nazi mbili mbele ya wageni. "Sukari ni yako," akasema, akaingia ndani.

Basi nikajifunza kukuna nikiwa na miaka 61. Kwa wasiojua: unakaa juu ya kibao, ulimi wa chuma uko mbele yako katikati ya magoti, kifuu unakizungusha kwa viganja viwili. Siri ni kutokandamiza. Ukikandamiza unafika kwenye gome la ndani na chicha linatoka na madoa ya kahawia. Mimi nilikandamiza, nikateleza, nikajikata kiganja, damu ikaingia kwenye chicha, tukawapa kuku. Siku hizi nazi mbili ni dakika kumi na mbili, na jasho linanitoka kama niliyepanda ngazi za gofu. Kukamua kwa kifumbu bado sijaruhusiwa, eti nazimwaga baraka.

Chicha ni la kuku, vifuu ni vya jikoni na vinawaka kuliko mkaa, makumbi tunawekea chini ya mimea ya makopo yasikaushe udongo. Ule mfuko wa tui la pakiti ungeishia jaani. Lakini mtungi sasa hujazwa na wavulana, hilo nimelitolea amri.

BintiMkomani

Msalimie bibi. Mwambie ana shabiki.

MuuguziPwani

Nawasalimu. Mimi ni muuguzi, si wa Amu lakini nimefanya kazi huko. Mzee, hongera, ila naomba niweke breki mahali patatu kabla watu hawajaiga.

Kwanza vidonge. Usiache hata mashine ikisoma vizuri, mpaka aliyekuandikia aseme. Na wale wanaotumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamaidi, kutembea kilomita sita kabla ya kula kunaweza kuishusha sukari hadi mtu akaanguka. Mtu akianza kutetemeka, jasho baridi, maneno yakachanganyika, apewe kitu kitamu hapo hapo. Weka tende tatu nne mfukoni. Naam, tende, kwa mgonjwa wa sukari. Siku hiyo ni dawa.

Pili viatu. Ami, sema ukweli, unatembea na malapa? Kisukari huua hisia za nyayo pole pole. Kijiwe cha tumbawe kinakuchoma, huhisi, baada ya wiki ni donda. Vaa kiatu kilichofungwa na kila usiku zitazame nyayo, au mjukuu akutazamie.

Tatu maji. Mtungi unapoza, hausafishi. Visima vingi vya mji mkongwe viko karibu na mashimo ya vyoo, na kijana akitia mkono mtungini badala ya kata kazi imekwisha. Chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika moja, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Asiye na kuni wala klorini: chukua chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, jaza maji yasiyo na tope, ilaze juani saa sita. Mbingu ikiwa na mawingu, siku mbili. Jua hufanya kazi yake na mkaa haukuteketea. Hapo chupa zako 19 zimepata ajira.

Na dafu pia lina sukari, jamani. Kidogo kuliko soda, lakini madafu matatu kwa mkupuo si maji.

Mzee wa Daka

Malapa, naam. Umenikamata. Viatu vipo, vya Idi.

KijanaWaBoda

Mnapotembea wote kwenda Shela sisi tule mchanga? Nina mkopo wa pikipiki. Kila siku mtu anaandika boda wanaharibu mji, boda wanaleta moshi, boda wanamtisha punda. Mgonjwa akizidiwa usiku mnampigia nani?

Mzee wa Daka

Wewe mwanangu, na nakushukuru. Mama mkwe alipelekwa hospitali na kijana kama wewe na hakudai kitu hadi asubuhi. Mzigo wa simiti, mgonjwa, mama mwenye mtoto mgongoni na vikapu viwili, hao ni wako. Mimi nasema juu ya mzee mzima anayepanda kutoka Langoni kwenda kunywa kahawa Langoni.

KijanaWaBoda

Hao ndio wateja wangu wengi, ami 😂 Lakini sawa. Hata mimi mgongo umeanza kuuma, kuanzia saa kumi na mbili hadi usiku niko nimekaa. Nimeongeza kilo tangu niache kubeba mawe bandarini.

MuuguziPwani

Kijana, kipimo cha mtu mzima ni angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kwa wiki. Nusu saa, siku tano. Ukiegesha ukisubiri wateja, tembea gati mpaka gati. Hakuna anayekulipisha.

Nahodha_Mstaafu

Hamujambo. Mimi ni mtu wa bahari, nitasema ya bahari, ya nti kavu nawaachia.

Mumetaja samaki mara moja kisha mukakimbia. Ndiyo kitoweo chetu, na hapo afya ya mtu na afya ya bahari zimefungwa kamba moja. Watu wa mui (mji) wote wanataka nguru, kolekole na jodari, samaki wakubwa, nyama nene, haina miiba. Hao hukawia kuzaa kuliko samaki wadogo. Dagaa je? Huzaa upesi, analiwa mzima na mifupa yake, na hiyo mifupa ndiyo chokaa ya mifupa yako. Mamangu alikuwa akimpika kwa ukwaju na bizari. Sasa ukimpa mgeni dagaa anadhani umemtukana.

Na pono muacheni apumue. Huyu hutafuna matumbawe akila mwani uliyoyafunika, kisha anatoa mchanga. Mchanga mweupe mnaopiga picha, sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Ukimmaliza, mwani unalifunika tumbawe, tumbawe linakufa, na changu anakosa pa kulala.

Pili, dema na mshipi. Anayevua kwa mshipi humrudisha mdogo akiwa hai. Juya la kukokota linabeba mayai na vitoto, tena limepigwa marufuku Kenya miaka mingi sasa, na bado nawaona nikiwa barazani. Muuzaji ukimuuliza "huyu kavuliwa kwa kitu gani?" mara mbili tatu, ataanza kuuliza na yeye. Kina mama wa upande wa Pate wao wamefanya la maana zaidi: wanaifunga miamba ya pweza miezi kadhaa, hapana anayegusa, wakifungua wanapata pweza wa uzito. Pweza hukua upesi mno, ukimpa nafasi anakulipa.

Tatu mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima iko hapa kwetu. Chini ya mizizi ya mkoko na mkandaa ndimo wanamolelewa kamba na vitoto vya samaki. Anayekata boriti za kuchomea mkaa anakata sahani ya mjukuu wake. Boriti za nyumba ni jambo jingine, zile hukaa miaka na miaka, na zina utaratibu wake.

Mato yangu yamechoka na hii simu. Nitarudi.

MalindiKwetu

Nahodha, darasa tosha. Sisi Malindi tuna hifadhi ya bahari tangu 1968 na bado mto Sabaki ukifurika maji ya ufuoni yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, udongo wa mashamba ya huko juu unashuka wote. Kwa hiyo anayelima mteremko bila matuta kule bara anagusa samaki wangu hapa.

Swali langu kwa watu wa Amu: nilikuja harusini, nikaingia chooni kwenye nyumba ya kale, nikaona birika la maji na visamaki vinaogelea. Ni mapambo?

Mzee wa Daka

Hapana dadangu, wale ni wafanyakazi. Birika ni maji yaliyosimama, na maji yaliyosimama ni kiota cha mbu. Wale visamaki hula viluwiluwi kabla hawajaota mbawa. Mbu walikuwa wanapunguzwa hivyo kabla ya dawa ya kupuliza. Mabirika ya zamani utakuta bakuli la kauri limejengewa chini kabisa. Maji yakishuka au ukitoa ya kuoshea, visamaki vinabaki na kidimbwi chao pale bakulini. Mtu aliyewaza lile bakuli alimfikiria samaki siku ya usafi.

Yale maji ni ya kuogea na kunawia. Usichote ukanywa.

MalindiKwetu

Naweza kutia kwenye tangi la plastiki la dari?

MuuguziPwani

Tangi lenye kifuniko kinachobana halihitaji samaki, linahitaji kifuniko. Mbu hawapiti. Shida ni makopo, matairi na vyungu vya maua, hivyo vimwage kila wiki, maana yai la mbu hadi mbu kamili ni kama siku saba mpaka kumi kwa joto letu.

Tui_Zito

Nimeacha kitumbua nimekuja na swali la maana. Wanasema gesi ni ghali, mkaa unaharibu msitu, kuni zinaharibu mapafu. Tupikie nini, jua?

BintiMkomani

Mimi nakujibu kwa sababu nafanya. Maharage nayaloweka usiku, asubuhi nayachemsha dakika ishirini yakitokota vizuri, kisha sufuria na kifuniko chake naitia kwenye kapu kubwa la ukili nililolijaza vitambaa na mito ya pamba, nafunika juu kwa mto mwingine, naenda kazini. Saa nane yameiva na bado ya moto. Sufuria iwe imejaa, ikiwa nusu hupoa haraka. Mtungi wa gesi uliokuwa ukiisha kwa mwezi na nusu sasa unagonga wa pili na nusu. Wala sikuamka saa kumi 😊

Moshi si mzaha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa sababu ya moshi wa majumbani. Nyanyangu aliishi na kikohozi tukidhani ni cha uzee.

Tui_Zito

Kapu la mito! Mke wangu atadhani nimepanga safari.

Nahodha_Mstaafu

Nimerudi. Mumenikumbusha malapa. Yale malapa ya muuguzi, yakikatika huenda wapi? Baharini. Hapa hapa Amu 2018 fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima la plastiki iliyokusanywa, tani karibu 10, wakalivika malapa kama 30,000, wakaliita Flipflopi, na 2019 likafika Unguja. Mimi nilicheka walipoanza. Nikasema plastiki haishiki msumari. Yana nilipita nikaliona, nikanyamaza.

Lakini punda ndiye anayeniuma zaidi. Anakwenda jaani, anakula mfuko wenye mabaki ya wali, tumbo linafunga, anafura, anakufa kwa msokoto akiwa na mimba. Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, ikapungua kweli, sasa imerudi kwa majina mengine. Ukinunua mchicha na kikapu chako, punda mmoja kapona. Sina takwimu, nina punda.

MuuguziPwani

Na jirani wa mzee anayechoma taka, mwambieni plastiki ikichomwa, hasa ile ngumu ya mabomba na waya, hutoa daioksini, sumu isiyoonekana inayokaa kwenye mafuta ya mwili miaka mingi. Mtoto mwenye pumu nyumba ya pili ndiye wa kwanza kujua.

Mzee wa Daka

Nilimwendea jirani jana baada ya Isha. Nikapeleka sahani ya mofa nisiende mikono mitupu. Hatukuzungumza moshi, tulizungumza mvua. Nilipoinuka akauliza mbona siku hizi ndoo yangu haina kitu, mkokoteni wa taka unapita mlangoni kwangu bila kusimama. Nikamwambia ndoo kaione. Kesho kutwa anakuja na mkewe.

Nimesahau jambo la mchicha. Nimepanda kwenye madumu yaliyopasuka, kule darini, na maji ni ya wudhu. Tunatawadha juu ya beseni, hayana sabuni, mchicha haulalamiki. Mtume s.a.w. ilimtosha mudi moja kutawadha, ambayo haifiki lita moja. Sisi tulikuwa tunafungua mfereji kama tunaosha jahazi, na maji yenyewe ni yale ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunywewa na mchanga, maji matamu hukaa juu ya ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Ukivuta kupita kiasi, au ukijenga juu ya vilima hivyo, ya chumvi hupanda. Mwenye kuonja chumvi kwenye chai yake ataelewa.

Kesho ni bamvua, Alfajiri maji yatakuwa yamejaa, kwa hiyo tutapita ndia ya juu. Anayetaka, tukutane mbele ya ngome. Nitakuwa nimevaa vile viatu vya Idi. Kila mtu aje na chupa yake, na mwenye vidonge aje na tende.

KijanaWaBoda

Nakuja. Pikipiki naiacha kwa ami.

Tui_Zito

Nitawasubiri Shela. Kuna mama anauza mahamri pale.